Daktari wa kansa hapatikani leo na kesho

Watu huku Mombasa huniuliza mbona madaktari wa kansa wachache hivi, ati serikali si iajiri tu. Iajiri kutoka wapi jamani? Mtu asome udaktari wa kawaida miaka 6, afanye intanshipu mwaka mzima analala wodini, halafu wengi hutumwa kazi kwanza, ndo arudi chuo kusomea magonjwa ya ndani, miaka mingine hiyo, na hapo bado hajaigusa kansa yenyewe! Ndo sasa aanze kusomea kemo, yaani dawa za kuua kansa. Akitoka huko ana mvi na watoto wako sekondari, na karo mara nyingi ametoa mfukoni.

Tena si daktari mmoja anayefanya yote. Wa kukata uvimbe ni daktari wa upasuaji, wa kemo mwengine, wa kuchoma kwa mionzi mwengine, na huyu wa mionzi lazima fizikia aijue vizuri manake dozi ikizidi inaunguza nyama ya jirani isiyo na kansa. Uingereza wana mtindo wa daktari mmoja kushika kemo na mionzi pamoja, Marekani wametenganisha. Mimi naona kwetu ule wa Uingereza ndo unafaa, watu hatuna.

Jirani zetu Dar wana Ocean Road, hospitali ya kansa tupu, na chuo cha udaktari cha Muhimbili wanasomesha madaktari wa kansa hapo hapo. Sisi pwani kijana akitaka kusomea haya apande SGR aende Nairobi, na akishazoea huko kumrudisha Mombasa ni kazi wallahi.