Nafasi ya Sahihi ya Baba

Jumapili usiku

Kikao cha kamati ya familia ya parokia yetu kimechukua mchana mzima, lakini kimezaa kitu. Fomu ya kuandikisha watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza inachapwa upya. Ya zamani ina mstari wa sahihi ya baba, mstari wa sahihi ya mama, na chini yake nafasi ya namba ya cheti cha ndoa ya Kanisa. Mpya itasema "mzazi au mlezi", basi. Namba ya cheti cha ndoa inaondoka kabisa, kwa sababu anayekuja kufundishwa ni mtoto.

Nimelishikilia jambo hili kwa sababu ya siku niliyokaa zamu kwenye meza ya uandikishaji, nje ya ofisi ya parokia. Alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa darasa la tatu. Cheti cha ubatizo cha mtoto alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga, akakifungua taratibu, akakinyoosha kwa kiganja juu ya meza. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka alipofika kwenye mstari wa baba. Kalamu ikasimama. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, watu wameanza kuchungulia. Akainama akamwuliza katekista kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa nimwandike nani?"

Katekista wetu ni mtu mwema, na alijibu kama utaratibu ulivyomtaka ajibu: "Bibi, anza kwa mwenyekiti wa jumuiya, akupe barua."

Jumuiya ni kundi la waamini majirani wanaosali kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja, na mwenyekiti ndiye kiongozi wao. Lakini barua ya kuthibitisha nini? Kwamba baba hajulikani alipo na mama yake mtoto ameshafariki. Yaani jioni ile bibi aende akasimulie upya msiba wa binti yake kwa kiongozi, pengine kwenye kibaraza majirani wakipita, ndipo mjukuu akubaliwe kujifunza Salamu Maria. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pale pale anasikia yote. Nilimwomba katekista tuandike "bibi" kwenye ule mstari, naye akakubali mara moja. Ilichukua dakika moja. Kinachoniumiza ni wale waliokutana na mstari huo siku ambazo hapakuwa na mtu wa kusema hivyo, wakaondoka na hawakurudi.

Kinachonitia moyo ni kwamba hatuombi sheria mpya. Nimekaa na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 wiki nzima, na kila ninapogusa habari za ubatizo nakuta mlango mpana kuliko tulioujenga sisi. Kanuni ya 868 inataka mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe: wazazi waridhie, au angalau mmoja wao, au anayeshika nafasi yao kihalali, na liwepo tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Bibi yule yumo humo ndani. Kanuni ya 873 inasema msimamizi mmoja anatosha, wa kiume au wa kike, wakati sisi tunamrudisha mama nyumbani akatafute "wasimamizi wawili, mume na mke". Na kanuni ya 877 imefikiria hata mtoto wa mama asiyeolewa, ikaeleza jinsi ya kumwandika kitabuni: jina la mama linaandikwa ikijulikana wazi kuwa ndiye mama au akiomba mwenyewe, na la baba likithibitishwa kwa hati rasmi au akikiri mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Waliotunga kanuni hizi walijua watoto wanazaliwa katika mazingira ya kila aina, na wakataka wote wawe na ukurasa wao.

Januari 2014, Papa Fransisko alibatiza watoto 32 katika Kikanisa cha Sistina, na mmoja wao wazazi wake walikuwa wamefunga ndoa ya serikali tu. Siku hiyo hiyo aliwaambia akina mama kwamba mtoto akilia kwa njaa wamnyonyeshe hapo hapo. Nililisema hili kikaoni kwa sababu kwetu mama mwenye kichanga anatolewa nje na wahudumu kabla mtoto hajamaliza kilio cha kwanza, halafu tunashangaa akina mama vijana wanasali nyumbani kwa kusikiliza redio.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye namheshimu sana na ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa, alipinga. "Binti yangu," akaniambia, "tukilegeza namna hii, nani atahangaika kufunga ndoa?" Ni swali la haki. Uchumba sugu umejaa mitaani kwetu, na hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili na zaidi na kujulikana hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini ukiwauliza wenyewe kwa upole kwa nini hawajafika altareni, ni wachache wanaosema hawaitaki ndoa. Wanataja mahari iliyobaki nusu. Wanataja ukumbi, kamati ya harusi, suti, keki, aibu ya kufunga ndoa bila sherehe wakati wenzao walifanya kubwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba angefunga ndoa haraka kama mtoto wake angenyimwa mafundisho.

Hapo ndipo tunapoweza kusaidia kweli. Kanisa linahitaji padre au shemasi na mashahidi wawili ili ndoa ifungwe. Misa ya asubuhi, siku ya kazi, nguo safi uliyonayo, jumuiya ikaimba, mkapata chai nyumbani mkaenda kazini. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema yeye na mkewe watajitolea kuwasindikiza watakaotaka njia hiyo, hata kwenda nao kwa wakwe kuzungumzia mahari. Ni yeye huyo aliyepinga, na hakuna aliyetoa ahadi kubwa kuliko yake leo.

Nyumba za dini mbili tulizipitia haraka, na nadhani zinastahili kikao chake. Kwenye jumuiya yetu kuna dada ambaye mumewe ni Mwislamu. Zamu yao ikifika, yeye mume ndiye anayetandika mikeka, anatusalimia mmoja mmoja, kisha anakaa barazani na mtoto mdogo mpaka tumalize. Bado kuna wanaomwuliza mkewe kila mara, "Na shemeji anabadili lini?" Katika ndoa ya namna hii, iliyofungwa kwa kibali cha askofu, anayeahidi ni upande Mkatoliki: kuilinda imani yake na kufanya yote anayoweza ili watoto walelewe katika imani hiyo. Mwenzake anajulishwa ahadi hiyo. Hakuna anayedaiwa kubadili dini. Viongozi wa jumuiya wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, maana swali lile, hata likiulizwa kwa kicheko, limewafukuza wengi.

Na jumuiya ndiyo yenyewe. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa lishuke mpaka mlangoni kwa watu. Sasa mlangoni kwa mama anayelea peke yake, kwenye chumba kimoja cha kupanga, tunafika watu ishirini na tunategemea viti, chai, maandazi, na sadaka ya mwenyeji. Anaazima vikombe kwa jirani, au anaanza kukosa wiki ya zamu yake, kisha ya kabla yake, kisha anatoweka, nasi tunaandika kwenye daftari "hahudhurii". Jumuiya yetu imeamua hakuna chai kwenye nyumba yoyote, tajiri kwa maskini, na anayetaka zamu yake tusali chini ya mwembe wa uwanjani aseme tu. Tangu hapo naona sura nilizokuwa nimezikosa siku nyingi.

Sikukuu ya Familia Takatifu tumeigusa pia. Kila mwaka wanandoa wanaitwa mbele warudie ahadi zao, wanapigiwa vigelegele. Ni jambo zuri, liendelee. Ila tumemwomba Baba Paroko aongeze baraka moja baada yake, kwa kaya zote zilizobaki kwenye mabenchi: wajane, walioachwa, bibi na wajukuu, kaka anayelea wadogo zake. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu, na familia za Kiafrika tunazozijua hazijawahi kuwa baba, mama na watoto wawili peke yao.

Kilichoshindikana leo ni mazishi. Kuna nyumba hapa mtaani ilizuiliwa Misa ya kumwombea marehemu kwa sababu hakuwa anasali jumuiya na kadi yake ya zaka ilikuwa na mapengo. Wafiwa walikuwa wale wale ambao tumekaa mchana kutwa tukijadili jinsi ya kuwakaribisha: mjane ambaye ndoa yake haikubarikiwa, na watoto. Wajumbe waligawanyika, sauti zikapanda, tukaahirisha. Nimeomba iwe ajenda ya kwanza kikao kijacho, na nimeomba yule mjane aulizwe kama angependa kuja kuzungumza mwenyewe. Asipotaka, nitayasema niliyoyaona siku ya mazishi yale, na sitakubali yaahirishwe tena.