Kiazi kinachomliza mkamwana

Pumzi ilinikatika kabla hata sijaliona shamba la kwanza. Mji wa Pisac, jirani na Cusco nchini Peru, tuliuacha bondeni alfajiri, na gari lilipotushusha kwenye Parque de la Papa, yaani Hifadhi ya Viazi, tulikuwa tumepita mita 3,500. Mwenyeji wetu, mwanamke wa Kikechua, watu wa asili wa milima ya Andes, alinipa majani ya koka nitafune, akaanza kupanda mlima kama anayekwenda kisimani. Wakechua nao humwita mwanamke mzima Mama, basi nami nikamwita hivyo hivyo.

Nimekulia Njombe, kwenye viazi. Kwetu mtu hulima aina mbili tatu, zile soko linazotaka. Mama alitandika blanketi akamwaga kiroba: vyeusi, vya zambarau, vyekundu, vyembamba kama vidole. Jamii za hapa zinatunza aina zaidi ya 1,000. Akachagua kimoja chenye vinundu mwili mzima: *pusi qhachun waqachi*, kinachomliza mkamwana. Zamani binti alipewa akimenye mbele ya mama wa mchumba. Mama alishika kisu, kidole gumba kikazunguka kila kinundu polepole, ganda likatoka jembamba hadi mwanga ukapenya.

Aina nyingine ziliwahi kupotea kabisa mashambani hapa. Mwaka 2004 jamii hizi ziliafikiana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, zikarudishiwa mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa kule. Mwaka 2015 nao wakapeleka mbegu zao kwenye ghala la Svalbard, Norwei. Nafurahi ziko salama. Lakini ghala halijui kiazi kipi huhimili jalidi, wala kipi ni kichungu mpaka kigandishwe usiku na kukanyagwa kwa miguu kiwe chuño, yaani kiazi kikavu. Hayo yamo kichwani mwa Mama, na joto halimsubiri: mashamba ya viazi yanazidi kupandishwa juu, na mlima una kilele.

Mchana tulichoma viazi ndani ya tanuri la madongoa ya udongo. Nikila, Mama akaniuliza kupitia mkalimani kwetu tunakiitaje.

“Kiazi ulaya,” nikajibu.

Akaacha kutafuna.

“Ulaya?” akauliza, kiazi kingali mkononi, udongo umejaa kuchani.