Jalada la Namba Kumi na Moja

Barua ya kupunguzwa kazi ya baba iliandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, kwa hiyo nikapewa niisome. Mwaka 1996 huo, Tanga, na nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa zimeshapata barua za namna hiyo. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au kufungwa, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma haikukauka redioni. Kupunguzwa peke yake hakukumshtua baba, alikuwa amelitarajia. Kilichomshtua ni aya ya mwisho: kwamba kwa kuwa aliajiriwa kama kibarua hastahili kiinua mgongo, na nyumba ya shirika aikabidhi kabla mwezi haujaisha.

Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaichukua barua, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Kesho huendi shule, mama. Utanisindikiza."

Kibarua gani wa miaka 17? Baba aliingia pale mwaka 1979, kijana wa miaka 21, winga wa kushoto aliyeokotwa kwenye mpira wa mchangani Makorora. Siku zile mpira wa nchi hii ulibebwa na mashirika na viwanda. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi: majina yenyewe yanakwambia mshahara ulitoka wapi. Mchezaji mzuri hakusaini mkataba wa soka, alipewa kazi. Asubuhi baba yuko stoo anahesabu vipuri, mchana yuko mazoezini, na ligi ikipamba moto stoo hawamwoni kwa sababu timu iko kambini.

Na maisha yalikuwa mazuri, lazima niliseme hili. Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, watu walipokuwa wanalala kwenye foleni za duka la ushirika, bonasi ya kuifunga timu kubwa ilikuwa sukari na doti ya kanga. Sukari ilikuwa na maana kuliko noti. Mama alikuwa akiwagawia majirani kwa kikombe, na hakuna aliyejiuliza kama kuna fedha inayowekwa mahali kwa ajili ya kesho. Wachezaji walipouliza habari za makaratasi, viongozi wa timu walikuwa na jibu moja: "Nyinyi chezeni mpira, hayo mengine tuachieni sisi." Wakawaachia. Kijana wa miaka 24 anayebebwa juu juu kutoka uwanja wa Mkwakwani hadi Ngamiani, nani atamlaumu kwa kumwamini mtu aliyembeba?

Goti la kulia liliachia mwaka 1992. Kabla ya hapo lilikuwa limeshachomwa sindano nyingi za kutuliza maumivu, vyumbani, dakika chache kabla ya mechi, ili aweze kucheza. Hakuna aliyempeleka kupigwa picha. Alifungwa bandeji, akarudishwa stoo moja kwa moja, na mwaka uliofuata timu yenyewe ikavunjwa kwa sababu shirika halikuwa tena na fedha za michezo.

Asubuhi ile alivaa kaunda suti yake ya kijivu. Tulipofika tuliketi kwenye benchi refu la mbao kwenye korido ya utumishi, tukiwa na wazee wengine walioshika barua kama yetu. Ofisa utumishi alikuwa mgeni, ameletwa kutoka makao makuu kuja kufunga hesabu, na hakumjua baba. Aliyemjua ni mhasibu mmoja aliyekuwa anapita na madaftari kwapani. Alisimama ghafla.

"Kaka! Shikamoo kaka!"

"Marahaba, mdogo wangu."

Akamwita baba kwa lile jina la uwanjani, kwa sauti, na milango ikaanza kufunguka. Mmoja alitoka masijala, mwingine chumba cha mapokezi, mwingine alikuja na kalamu bado iko sikioni. Mhasibu akaanza kusimulia bao ambalo baba aliwafunga wakubwa wa Dar es Salaam, yeye akiwa mtoto wa shule aliyepanda mti wa nje ya uwanja kwa kukosa kiingilio. Aliweka madaftari chini ili mikono iwe huru. Alionyesha baba alivyomtoka beki wa kulia kwa kumpitishia mpira huku na yeye akapita kule, akaonyesha kipa alivyotoka, akaonyesha mguu wa kushoto ulivyoukata mpira kuelekea nguzo ya mbali. Hata wale wazee wa benchini walisahau barua zao wakawa wanacheka na kuongezea. Mtu akaagiza chai na mandazi, soda nikaletewa mimi. Baba alitabasamu, akainamisha kichwa, akasema, "Ujana ule, ndugu zangu."

Nilijivunia baba kupita kiasi. Nikajisemea moyoni kwamba hapa mambo yameisha, watu hawa hawawezi kumwacha.

Tukaitwa ndani, na mhasibu akaingia nasi. Ofisa akafungua jalada. Nililiona vizuri kwa sababu nilikaa upande ule wa meza: jalada la kaki, jembamba, limefungwa kwa uzi mweupe ulioingia weusi. Ndani kulikuwa na picha moja ya pasipoti ya baba akiwa na nywele nyingi, na barua fupifupi zinazofanana, kila moja ya msimu mmoja. Kila moja ilimwajiri kama kibarua wa stoo kuanzia mwanzo wa ligi, na kila moja ilikuwa na tarehe ya kukoma. Hakukuwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Hakukuwa na fomu ya kujiunga na mfuko wowote wa akiba.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alitueleza taratibu, akigeuza karatasi moja moja ili nami nione. Nafasi za kudumu zilikuwa na ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopitishwa makao makuu, na wachezaji waliletwa nje ya ikama. Malipo yao yalitoka fungu la michezo, kwa vocha, na hayakupita kwenye orodha ya mishahara. Kwa kuwa hawakuwamo kwenye orodha ya mishahara, hawakukatwa, na kwa kuwa hawakukatwa, shirika nalo halikuchangia. Mwenzake wa stoo aliyekuwa hajui hata kupiga danadana alikuwa na kiinua mgongo chake kinamsubiri dirishani. Baba, ambaye kwa ajili yake watu walipanda miti, alikuwa na notisi ya mwezi mmoja.

"Lakini nimefanya kazi hapa miaka 17," baba alisema.

"Kwa makaratasi, mzee wangu, umefanya kazi misimu. Na kila msimu ulipokwisha, ulilipwa ukaisha."

Mhasibu alikuwa ametazama chini muda wote. Alitoka bila kusema kitu, akarudi na bahasha. Walikuwa wamechangishana huko nje: masijala, mapokezi, dereva, hata mfagizi. Baba alisimama, akaipokea kwa mikono miwili, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina kila aliyemfahamu.

Nilikasirika hadi machozi. Tulipofika kwenye ngazi nikamwuliza kwa nini amezipokea fedha za kuombewa wakati anadai haki yake. Alikuwa anashuka kwa kushika ukuta, mguu mmoja mmoja.

"Hawa wametoa mfukoni mwao," akasema. "Aliyeninyima mimi hayumo humu ndani."

Nimeifikiria sana kauli hiyo, maana tangu wakati ule nimeiona korido ileile mahali pengi. Mchezaji wa zamani akiugua, tunamkumbuka. Tunatangaza namba ya simu ya kuchangia, tunaandaa mechi ya maveterani, tunasimuliana mabao yake. Sikatai mchango, uliwahi kununua unga nyumbani kwetu. Lakini mchango haujawahi kuwa mshahara, na tumeufanya uwe mshahara wa uzeeni wa watu waliotufurahisha.

Wala si kwetu tu. Joe Kadenge, mchezaji wa Kenya ambaye jina lake lilikuwa linatajwa redioni hadi huku Tanga, aliishia kuendesha teksi Nairobi. Ndaye Mulamba wa Zaire alifunga mabao 9 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974 kule Misri, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa, na mwaka uleule akaenda na timu yake Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Miaka 20 baadaye alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye bunduki walimvamia na kumpiga risasi, wakidhani heshima ile ilikuja na fedha. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya dhiki huko, na huko ndiko alikofia mwaka 2019. Hata majambazi waliamini kwamba mtu anayepigiwa makofi namna ile lazima awe nazo.

Sasa fedha zimeingia. Mwaka 2021 shirikisho la soka la nchi, TFF, na kampuni ya Azam walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na kijana anayecheza Ligi Kuu leo anaweza kupata kwa msimu mmoja alichokuwa baba hawezi hata kukiota. Nafurahi kwa ajili yao, kwa dhati. Lakini nikikutana na mzazi ambaye mwanawe amesajiliwa, simwulizi pesa ya usajili ni kiasi gani. Namwuliza kama mkataba una makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kama kuna mtu anayekwenda kuhakikisha makato yamefika. Pensheni ya mfuko ule inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Wahesabu mwenyewe wachezaji unaowajua waliodumu miaka 15 bila kutemwa, bila goti, bila klabu kukaa miezi bila kulipa. Asiyeendelea kuchangia baada ya kutundika daluga, hata aliyelipwa vizuri, hafiki.

Siku ile tuliyotoka utumishi, jioni baba hakwenda nyumbani. Tulipita kwa mwenzake, beki namba tano, aliyekuwa amepanga Ngamiani, naye alikuwa na barua ileile. Kabla ya isha walishafika wengine, baraza ikajaa. Wakakubaliana waandike barua moja ya wote, kwa uongozi wa shirika, nakala kwa Tume. Mimi ndiye niliyeandika, kwenye daftari langu la hesabu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na kandili kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Ilipofika zamu ya orodha ya majina wakaanza kubishana nani aanze. Mmoja akasema tuanze na aliyeingia zamani zaidi, mwingine akasema kwa umri. Namba tano akasema, "Mwanangu, tuandike kama tulivyokuwa tunapangwa." Nikaandika kuanzia kipa, namba moja, mabeki, viungo, hadi baba, namba kumi na moja, kisha wa akiba. Ilibidi niwaulize majina kamili, na kuna waliocheza pamoja miaka kumi bila kulijua jina la baba wa mwenzake. Namba sita alikuwa ameshafariki, tukamwandika mjane wake. Namba tisa alikuwa ameenda Mombasa kutafuta vibarua bandarini, wakasema aandikwe hivyohivyo, atapatikana.

Majibu yalichelewa hadi tukawa tumehama nyumba ya shirika, tunaishi chumba kimoja Mikanjuni. Yalikuwa mafupi: kila mmoja alete hati zake za ajira na nakala za vocha za malipo, na atakayethibitisha utumishi usiokatika atafikiriwa. Wachezaji wakatazamana. Nani alihifadhi vocha? Ukisaini unapewa fedha, karatasi unaiacha mezani.

Namba tano alikuwa nazo. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu siku ya kwanza alimtaka adai nakala, akazikunja zote kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Alilipwa. Hazikuwa fedha nyingi, lakini zilimalizia nyumba yake. Wengine wote hawakupata kitu.

Baba alikwenda kumpa hongera, na mwaka 1998 akapata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye ghala la katani. Kabla hajaanza alinituma nimwandikie mwajiri barua ya kuomba asajiliwe NSSF, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imechukua nafasi ya mfuko wa akiba wa zamani, NPF, na aliisumbua ofisi ile mpaka alipopewa kadi. Kila mwezi alidai karatasi ya malipo, ananipa nihakiki makato, kisha anampa mama aitunze. Alilinda ghala lile hadi 2009, goti lilipomgomea kabisa. Miezi 180 ilikuwa haijatimia, kwa hiyo hakupata pensheni. Walimlipa mkupuo, akanunua bati.