Kibao kimegoma kushuka

Leo kibao cha kuandikia kimegoma kushuka.

Mnavijua vile viti vya ukumbi wa mihadhara, vyenye kibao cha kukunjua mbele yako. Mwaka wa kwanza kilishuka vizuri tu. Leo kimekwama juu ya tumbo. Nimeandika saa mbili nzima daftari likiwa pajani, mkono mmoja nimekifunika kibao ili jirani asione.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema neno. Lakini nilikuwa na swali la kumuuliza mhadhiri, na sikuliuliza.

Mchana nikajikaza, nikaenda zahanati ya chuo. BMI yangu, yaani kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu, ni 33. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Hilo nilishalihisi.

Nisilolitarajia ni maswali ya muuguzi. Hakuanza na chakula.

"Unalala vipi? Unakoroma? Ukiamka, unajisikia umepumzika?"

Akanieleza kwamba uzito unaweza kubana njia ya hewa usingizini, pumzi ikawa inakatikakatika usiku bila mwenyewe kujua, na mchana mtu akasinzia darasani. Nipimwe kwanza ndipo ijulikane. Na mimi mwaka mzima nimejiita mvivu!

Kisha akauliza kama nina rafiki wa kuzungumza naye. Hapo machozi yakanitoka.

Jumatatu nina kipindi ukumbi uleule. Nitaenda.

Wenzangu mliopitia haya, huwa mnakaa wapi ukumbini? Niambieni, hata kwa faragha.