Salfa ya Mikorosho na Kumbukumbu Zisizokutana
Kuanzia Juni, mikorosho ya Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, inapokaribia kuchanua, vijana hubeba mashine mgongoni tangu alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yangali na umande, wakapuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga. Vumbi lake la manjano hunata kwenye kope, na wengi hujifunga kitambaa tu puani, kinga ambayo haizuii chembe ndogo kufika mapafuni.

Kwamba salfa huwasha macho, ngozi na njia ya hewa linajulikana. Mwaka 2017, hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa watoto wanaoishi karibu na mashamba yanayopuliziwa salfa nyingi katika Bonde la Salinas walikuwa na mapafu dhaifu zaidi na dalili nyingi zaidi za pumu. Waliweza kwa sababu jimbo lile huwalazimu wakulima kuripoti viuatilifu wanavyotumia, hivyo kumbukumbu za mashamba zikaunganishwa na vipimo vya watoto.

Kwetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kinaijua mikorosho, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inasajili dawa, na zahanati ndiyo inayompokea mwenye kikohozi (ambaye, nakisia, mara nyingi huhesabiwa kuwa na mafua). Utafiti wa maana ungezikutanisha pande hizi: chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kitoe orodha ya waliochukua salfa na kiasi chake, mganga aulize kama mgonjwa alipuliza wiki hiyo, na nguvu ya pumzi ipimwe kabla na baada ya msimu. Ningeanza na watoto, kwa kuwa nyumba nyingi zimo katikati ya mikorosho yenyewe.