Vijana wa Amu, wakubwa wa konsaltansi wakujue

Kila nikija likizo nyumbani Lamu kuna kijana atanishika pale uwanja wa Mkunguni, ameingia kampuni ya konsaltansi, yaani ya kushauri makampuni mengine namna ya kuendesha biashara, Nairobi au anajiandaa kuja huku Uingereza, na swali lake ni lile lile, mbona nafanya kazi usiku kucha na sipandi cheo? Jibu langu ni kwamba wakubwa wanaijua slaidi yako, wewe mwenyewe hawakujui.

Elewa kwanza mambo yanavyokwenda. Patna ni mmoja wa wenye kampuni, yeye ndiye analeta wateja, na wiki moja anazunguka miradi kadhaa wakati wewe umekaa kwa mteja mmoja tu. Mradi mpya ukitokea kuna ofisi ya kupanga nani aende wapi, sawa, lakini mameneja wanapigiana simu, nipe yule binti, nipe yule kijana. Halafu ikifika wakati wa vyeo wakubwa wanakaa kikao wewe haupo, na lazima mmoja wao akusemee. Na kampuni nyingi kubwa usipopanda ndani ya miaka kadhaa unaambiwa kwa upole utafute kwengine.

Sasa sisi tumelelewa mkubwa akizungumza barazani mdogo asikize, na kumuita mtu wa umri wa babako kwa jina tupu ni kukosa adabu. Malezi hayo nayapenda wallahi na wanangu nawalea hivyo hivyo. Lakini huku patna anataka umuite jina lake, na ukinyamaza mkutanoni haoni heshima, anaona huna fikra. Basi heshima yako ionyeshe kwengine, soma kabla hujaonana naye, usimpotezee wakati, na ukiwa na wazo tofauti mwambie kwa adabu na hesabu zako ziwe tayari.

Tena una vitu vya kumwambia! Mimi nilikaa na patna wa mambo ya bandari nikamweleza habari ya bandari yetu ya Lamu, gati ya kwanza ilifunguliwa 2021 lakini kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeshaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyo, nikamwambia ukipiga hesabu ya bandari na mvuvi hukumtia basi hesabu haijaisha. Alinisikiza mpaka mwisho, na mradi wa bandari uliofuata akanitaja.

Usimwandikie mtu imeili ya kumwomba awe menta wako, yaani mkubwa wa kukushika mkono kazini, hajui aanzie wapi. Mwombe dakika 15 na uje na swali moja la kweli, kwa mfano mbona kwa mteja huyu tulianza na gharama na sio mauzo. Akikupa ushauri ufanye, halafu rudi umwambie nilifanya hivi ikatokea hivi. Wengi hapa ndipo wanapopotea, ushauri kwao ni kama vocha ya simu, ukishakwangua kadi unatupa. Na sekretari wa patna msalimie vizuri, yeye ndiye anayejua nafasi iko wapi.

Kuna na hili la kwenda baa na wenzako wa kazi, nalisema wazi kwa sababu linawaumiza roho vijana wengi wa Kiislamu. Ndiyo, Alhamisi jioni London watu wa ofisi wanakwenda kunywa na mazungumzo mengi yanafanyika huko. Mimi siendi, nawaalika kahawa asubuhi au chakula cha mchana, na mtu akiwa na akili timamu anaelewa, ukimweleza mapema bila kujificha.

Usimwangalie patna peke yake pia, hata meneja aliyekutangulia miaka miwili mitatu mshike vizuri, maana watu wa konsaltansi hawakai, wanahamia mabenki, serikalini, kwa wateja wenyewe. Meneja wangu wa kwanza sasa hivi yuko upande wa mteja, na mradi ninaofanya leo ameuleta yeye, alipiga simu ofisini akauliza kama nina nafasi.