Tafakari ya Ijumaa: Farasi, Ubavu na Kiti cha Swala

Ndugu zangu katika imani, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ninayaandika haya nikiwa nimeegemea mto upande wa kushoto, kwa kuwa ubavu wangu wa kulia bado hauniruhusu kukaa nitakavyo. Alasiri ya Jumamosi iliyopita nilianguka kutoka juu ya farasi katika ufuo wa Nyali, siku yangu ya tatu ya kujifunza, na tangu hapo kilichonisumbua si maumivu. Ni jambo nililolifanya baada ya maumivu, na nimeona ni haki niliseme mbele yenu kabla sijathubutu kumnasihi mtu yeyote.

Nieleze kwanza nilivyoanguka. Mimi nimezaliwa Lamu, na tangu utotoni nimepanda punda bila tandiko, nikawapita wenzangu mbio katika vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa shida. Basi binti yangu alipoomba kufundishwa kupanda farasi, nilisema nitajifunza pamoja naye, na moyoni niliamini kuwa kwangu hilo litakuwa ni kukumbuka tu. Kijana anayetufundisha aliniheshimu kwa umri wangu, akaniita mzee wangu, lakini hakuniruhusu kuruka hatua. Alinirudia maneno yale yale kila mara: macho mbele, mgongo wima, visigino chini ndani ya vikuku vya kuwekea miguu, mikono iwe myepesi juu ya hatamu. Niliyasikia bila kuyazingatia, kwa sababu mtu anayejiona anajua husikiliza kwa adabu ya nje tu.

Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umeshikana vizuri, na kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu. Tulitoka katika mwendo wa kutembea tukaingia mbio ndogondogo. Upande wetu wa kulia mwuzaji mmoja alikuwa ameanika leso zake kwenye kamba, na upepo ulipozipiga zote kwa pamoja zikalia kama tanga linaloraruka. Farasi ana macho ubavuni mwa kichwa na huona karibu pande zote, na Mola amemuumba akimbie kwanza, kisha ndipo ajue alichokikimbia. Akaruka kwenda kushoto. Nami nikafanya kile ambacho mwili wa kila anayeanza hufanya: nikainama mbele, nikabana magoti kwa nguvu zote, nikavuta hatamu. Mguu ukatoka katika kikuku, nikaangukia ubavu wa kulia juu ya mchanga ule mgumu, kofia ya kinga ikagonga chini na pumzi ikanikatika. Kijana alipokwisha kuhakikisha kuwa nina fahamu zangu, aliniambia kwa upole neno ambalo nimelirudia wiki nzima: "Mzee wangu, kwa miguu ulimwambia nenda, na kwa mikono ukamwambia simama. Yeye angefanya lipi?"

Kabla ya kupanda nilikuwa nimeisoma dua ya kipando, ile tuliyofundishwa katika Suratu Zukhruf: "Ametakasika Yule aliyetutiishia hiki, na sisi wenyewe hatukuwa wenye kukiweza, na hakika sisi kwa Mola wetu ni wenye kurejea." Naisoma katika matatu, naisoma katika feri ya Likoni, naisoma katika tuktuk ya kwenda sokoni. Sikumbuki kuwa niliwahi kusimama juu ya maneno "hatukuwa wenye kukiweza" mpaka nilipokuwa chini nikitafuta pumzi, na yule mnyama amesimama hatua chache kutoka kwangu ametulia, kana kwamba si yeye aliyenitupa. Hilo lingetosha kuwa tafakari ya wiki, lakini silo lililonielemea.

Daktari aliniambia kuwa hakuna mfupa uliovunjika, mbavu zimepata kishindo na zitauma kwa wiki kadhaa, na nisiiname wala nisinyanyue kitu kizito. Nilipofika nyumbani ikawa magharibi, nikajaribu kurukuu na sikuweza. Kusujudu ndiko hakukuwezekana kabisa. Nikaswali nimekaa kitini, nikiashiria kwa kichwa. Hadi hapo hakuna lawama, maana mgonjwa ana udhuru, na mtu mwenye maumivu hakulazimishwa swala ya jamaa.

Lakini Jumapili asubuhi nilitembea kwa miguu yangu mpaka barazani kwetu, nikanywa kahawa na wenzangu, nikawasimulia habari ya farasi, wakaniombea afya. Kutoka pale hadi msikitini si mbali. Adhuhuri ikaadhiniwa nikainuka nikarudi nyumbani. Alasiri vivyo hivyo, na Jumatatu, na Jumanne. Niliwaambia watu kuwa mbavu haziniruhusu, na haikuwa kweli, kwa kuwa mbavu zilizonifikisha barazani zingenifikisha msikitini. Ukweli ni kwamba nilijua nikiingia msikitini nitahitaji kiti, na niliona haya kuonekana nimekaa kitini katika safu ambayo kwa miaka mingi nimesimama nikiwa mzima, nikiwaelekeza wengine wanyooshe mabega. Niliikosa jamaa siku tatu kwa sababu ya macho ya watu.

Usiku wa kuamkia Jumatano nilikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha watoto wa madrasa mara nyingi. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alipanda farasi akaanguka, ubavu wake wa kulia ukachubuka, akaswali mojawapo ya swala hali ya kuwa amekaa. Katika mapokezi ya Jabir (r.a.) imekuja kuwa farasi alimtupa juu ya kisiki cha mtende pale Madina, mguu wake ukateguka, na masahaba walipokwenda kumzuru walimkuta katika chumba cha Bi Aisha (r.a.) akiswali amekaa. Wanavyuoni wameitumia hadithi hii katika mlango wa imamu na maamuma, yaani wanaoswali nyuma yake, na wengi wao, akiwemo Imamu Shafi, wamesema kuwa amri ya maamuma kukaa pamoja na imamu aliyekaa iliondolewa baadaye, kwa kuwa katika maradhi yake ya mwisho Mtume (s.a.w.) aliswalisha amekaa na watu nyuma yake wamesimama. Mimi nilikuwa nikiifundisha hivyo, kama mas'ala ya fiqhi, nikafunga kitabu.

Safari hii nilisimama pengine. Anas huyo huyo ndiye aliyetusimulia kuwa usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti, na Mtume (s.a.w.) akawatangulia wote, amepanda farasi wa Abu Talha bila tandiko, upanga umening'inia shingoni, akarudi akiwaambia wasiogope, na kwamba farasi yule amemkuta kama bahari. Basi aliyeanguka hakuwa mtu asiyejua kupanda. Alikuwa mpanda farasi kuliko wao wote, na akaanguka, na hakuufunga mlango. Watu waliingia wakamwona amekaa. Walimwona Mtume wao, ambaye kusimama kwake usiku kulivimbisha miguu yake, hawezi kusimama. Naye hakuahirisha swala mpaka apone ili waje wamkute wima, bali aliwaacha wamfuate vile alivyo.

Nami, niliyeanza juzi, niliyeanguka kwa sababu sikusikiliza, nikaona hadhi yangu haivumilii kiti cha plastiki.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, na ukali huu unaanza kwangu. Miaka michache iliyopita, katika kikao cha msikiti, ni mimi niliyesema kuwa viti vinaharibu safu na kwamba wanaovihitaji wakae ukutani nyuma kabisa. Sizungumzii namna ya kupanga viti, hayo yana masheikh wake na hukumu zake, na kuzinyoosha safu ni katika kuitimiza swala. Nazungumzia namna nilivyosema, na uso niliokuwa nao. Alikuwepo mzee mmoja wa safu ya kwanza, magoti yamemchosha, ambaye alikuwa akifika kabla ya mwadhini. Alikaa ukutani wiki mbili au tatu, kisha hakuonekana tena. Sisi tukasema mzee amezeeka, Mungu amsaidie. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Sasa nimejua alichokuwa akikisikia kila takbiri ilipopigwa naye yuko peke yake nyuma, maana nimekisikia mimi kwa siku tatu tu, tena kitandani mwangu, ambako hakuna aliyenitazama.

Ni wangapi tumewafanyia hivyo? Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akajibiwa aswali kwa kusimama, na asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Tazameni upana wa mlango huo: hata anayelala ubavu amewekewa njia ya kumfikia Mola wake. Kisha tunakuja sisi, tunasimama mlangoni na macho yetu. Anakuja mama aliyepooza upande mmoja, tunamtazama. Anakuja kijana aliyekuwa ameanguka katika unga wa kulevya, ameacha, mikono bado inamtetemeka, anaomba apewe nafasi katika safu, na aliye karibu naye anasogeza viatu vyake na mfuko wake. Kijana huyo ndiye anayeanza kuliko sisi sote, na ndiye anayestahiki kushikwa mkono, kwa sababu aliyeanguka akitazamwa vibaya siku anayorudi, huenda asirudi mara ya pili. Na nyinyi mlioanguka, nawaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, msifanye kama nilivyofanya mimi. Msingoje mpone ndipo mje. Njooni na kiti, njooni na mkongojo, njooni na mikono inayotetemeka. Udhuru wa mwili ni rehema, lakini haya inayomzuia mtu asionekane dhaifu mbele ya ndugu zake haikuwekwa na sharia, na Iblisi hufurahi kumwona mja akiilinda kama heshima.

Jarir bin Abdillah (r.a.) alikuwa mkubwa wa watu wake. Mtume (s.a.w.) alipomtaka aende kuivunja Dhul-Khalasa, nyumba ya masanamu, nao wapanda farasi mia moja na hamsini wa kabila la Ahmas wakawa tayari, Jarir alikiri kwake kuwa hathibiti juu ya farasi. Kwa mtu wa cheo chake, mbele ya safari kama ile, hilo si neno jepesi kulitoa mdomoni. Mtume (s.a.w.) akampiga kifuani kwa mkono wake mpaka Jarir akaona athari ya vidole, akamwombea: Ewe Mola, mthibitishe, na umjaalie mwenye kuongoza na aliyeongoka. Jarir anasema kuwa baada ya hapo hakuanguka tena kutoka juu ya farasi. Kila nikiifikiri hadithi hii najiuliza ile dua ingempata vipi kama angelificha udhaifu wake, akapanda tu na wenzake ili asionekane.

Jumatano alfajiri nilikwenda msikitini. Nilichukua kiti kutoka ukutani, nikasimama nacho nisijue nikiweke wapi, na kijana mmoja ambaye simjui vizuri akanipokea, akakipanga sawa na safu, kisha akasimama karibu nami mpaka bega lake likagusa egemeo la kiti. Hakusema neno. Niliswali swala ambayo sijaswali mfano wake kwa muda mrefu, nikiashiria sijida kwa kichwa, na machozi yakanishinda katika tahiyatu.

Baada ya jua kuchomoza nilikwenda kwa yule mzee. Nilimkuta amekaa kizingitini na tasbihi yake. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza niliyoyasema katika kile kikao, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza habari ya ubavu wangu, akamwita mjukuu wake aniletee chai. Akasema amenisamehe. Nilipomwambia kuwa adhuhuri nitampitia twende pamoja, alisema magoti yamemzoea nyumbani. Alhamisi nilimpitia tena, akanijibu vivyo hivyo, ila safari hii aliuliza kama vile viti bado viko ukutani. Nikamwambia vyake na vyangu viko katika safu.

Leo ni Ijumaa. Nitampitia kwa tuktuk saa tano na nusu, kabla watu hawajajaa, na nawaomba mniombee akubali. Na wewe unayesoma, kama mtaani kwenu yuko mzee aliyepotea katika safu, au ndugu aliyeanguka na hajaonekana, muda bado upo kabla ya adhana ya kwanza.

Mbavu zikipoa nitarudi ufuoni, in shaa Allah. Kijana amenitumia ujumbe kuwa tutaanza upya kwa mwendo wa kutembea, yeye ameshika kamba, binti yangu akiwa mbele yangu, na nimemjibu kuwa mara hii nitasikiliza.